Hadithi ya sauti ya baba na mwanawe: kuiandika, kuirekodi na kuifikisha kwa watoto

Hadithi ya sauti haina picha, na mtoto anayesikiliza hawezi kurudi ukurasa wa nyuma kuangalia nani kasema nini. Wahusika wakuu wakiwa baba na mtoto wake wa kiume, ugumu unaongezeka: wote ni “yeye”, wote wako nyumba moja, na katika familia nyingi wote wawili huitwa “baba”. Hata hivyo, hakuna kinachobeba ukaribu wa watu wawili vizuri kuliko sauti. Mnong'ono wa baba, ukimya mfupi kabla ya jibu, kicheko cha mtoto kinachomkatiza mzazi katikati ya maneno: hayo ni mapenzi tayari, na hayahitaji msimulizi wa kuyatangaza. Kazi yote inayofuata, kuanzia kuandika hadi kuhariri, inalenga ukaribu huo usikike badala ya kusemwa.

Vipimo tutakavyotoa hapa ni vya hadithi ya dakika 15 hadi 20, kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, inayorekodiwa nyumbani kwa simu nzuri au maikrofoni ya USB, kisha kuhaririwa kwa Audacity, programu ya kompyuta isiyolipiwa.

Tutatumia hadithi moja ya mfano ili maelekezo yashikike. Bahati ana miaka sita, anaishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta kwa taa, zamani karabai na siku hizi mara nyingi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, basi wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Kwa watu wa mwaloni, yaani pwani ya ziwa wanakotua wavuvi, hizo ni siku za mfuko mkavu. Kwa Bahati ni siku ambazo baba analala nyumbani. Hadithi nzima ni mtoto anayesubiri mwezi ujae.

Mnaona kwamba mfano huu una sababu ya kweli ya kutengana na sababu ya kweli ya kukutana. Tafuteni kitu cha aina hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Baba anaweza kuwa dereva wa lori la masafa marefu, mlinzi wa zamu ya usiku, fundi anayefanya kazi mji mwingine. Hadithi ya baba na mwana wanaopendana tu, bila kitu kinachowazuia kuwa pamoja, humchosha mtoto dakika ya nne.

HATUA YA 1: ANDIKENI KWA SIKIO

Kwa watoto, msimulizi wa Kiswahili asome maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo vipimo vya wasimulizi wa Kiingereza, ambao husoma karibu maneno 150, havitufai. Maneno 1,800 yatawapa kama dakika 17 za kusoma. Ongezeni vituo, milio na utangulizi, mnafika 20. Mkizidisha maneno 2,200, igaweni hadithi sehemu mbili.

Mkato wa kwanza wa kufanya ni kwenye mazungumzo. Katika kitabu cha kusoma kwa macho, mtu anaweza kuandika hivi:

“Mbona mwezi umechelewa?” aliuliza huku akitazama nje.
“Haujachelewa,” alijibu. “Unapanda taratibu.”

Kwa macho inaeleweka. Kwa sikio, mtoto anasikia swali kabla ya kujua ni la nani, na “aliuliza” hakumsaidii. Kwa sauti iandikwe hivi:

Bahati akachungulia dirishani. “Baba, mbona mwezi umechelewa?”
Baba akacheka kidogo. “Haujachelewa. Unapanda taratibu.”

Msemaji ametajwa kabla ya kusema, tena kwa tendo, si kwa “akasema”. Kanuni hii mshike hata pale inapoonekana kama marudio. Mazungumzo yakifika mistari minne bila jina wala tendo, msikilizaji mdogo ameshapotea.

Kuna suala la majina. Nyumbani kwetu baba humwita mwanawe mdogo “baba” kwa mapenzi: “Haya baba, lala sasa.” Ni tamu, lakini ndani ya rekodi huleta vurugu, kwa sababu mtoto naye anasema “Baba”. Chagueni mapema. Njia inayofanya kazi ni hii: Bahati amwite “Baba”, baba amwite “mwanangu” au “Bahati”, msimulizi aseme “baba yake”, na majirani wa mwaloni waseme “Baba Bahati”. Ile “baba” ya mapenzi muiweke mara moja tu, kwenye tukio lenye uzito, pale ambapo hakuna mtu mwingine chumbani. Ikija mara moja, itasikika.

Vilevile angalieni “yake” na “-m-”. Sentensi kama “Akamwambia kuwa amechoka” ina watu wawili na haijulikani nani kachoka. Kila mnapoikuta, weka jina.

Adabu za kawaida ziingie bila kusukumwa. Baba akirudi alfajiri, Bahati aseme “Shikamoo Baba”, baba aitikie “Marahaba”. Akiitwa kutoka uani, aitike “Naam Baba!” Watoto husikiliza mambo haya kwa makini na huwakosoa wakubwa wakiyakosea. Kama hadithi ni ya Nairobi au Kisumu, tumieni salamu za huko, msilazimishe za pwani.

Sasa kateni kila sentensi ya aina ya “Baba Bahati alimpenda sana mwanawe.” Badala yake wekeni tendo lenye mlio. Katika mfano wetu, baba anarudi saa kumi na moja alfajiri, anavua viatu nje ya mlango asimwamshe mtoto. Bahati yuko macho, anahesabu: kiatu kimoja, kiatu cha pili. Mtoto anayesikiliza ataelewa pande zote mbili bila kuambiwa neno “pendo”.

Mwisho wa hatua hii, pangeni alama moja ya sauti itakayorudi katika hadithi. Kwetu ni mluzi: baba anapokaribia nyumbani hupiga mluzi wa noti tatu, Bahati hujibu kwa mbili. Mluzi usikike mara nne hadi tano, zaidi ya hapo unachosha. Mara moja upigwe na usijibiwe, maana Bahati amelala kwa homa. Huo ndio wakati msikilizaji atakaposhika pumzi, na hamtakuwa mmetumia hata neno moja la kueleza.

Someni maandishi kwa sauti kwa mtu aliyefumba macho. Kila mahali atakapouliza “nani huyo?” pawekeeni alama na mpaandike upya.

HATUA YA 2: NANI ASOME

Mna njia tatu, na si sawa kwa ubora.

Baba wa kweli na mwanawe wa kweli ndiyo njia bora, kama mtoto ana miaka saba au zaidi na anataka mwenyewe. Wanavyokatizana na kungojana haviigiziki. Asiyejua kusoma vizuri hana shida: mtu mzima anatamka mstari, ananyamaza nusu sekunde, mtoto anarudia kwa namna yake, kisha sauti ya mkubwa inakatwa wakati wa kuhariri. Msimpe mtoto karatasi kama anasoma kwa kusitasita, kwa kuwa kusitasita kutasikika hadi mwisho. Kipindi kimoja kisizidi dakika 15, kisha acheze. Jina lake kamili na shule yake visitajwe kwenye rekodi wala kwenye maelezo ya faili.

Njia ya pili ni mwanamke kusoma sehemu ya mtoto na mwanamume kusoma sehemu ya baba. Sauti ya mwanamke mzima huaminika kama ya mvulana mdogo, na hii hufanywa sana kwenye michezo ya redio na katuni.

Ya tatu ni msimulizi mmoja kwa wote. Inawezekana kabisa, ila kosa la kila siku ni msimulizi kubana koo ili awe mtoto. Baada ya dakika kumi koo linauma, na kesho yake sauti ile hairudi tena kama ilivyokuwa. Tofautisheni kwa mwendo na mwelekeo. Baba: kidevu chini kidogo, maneno ya polepole, mwisho wa sentensi ushuke. Bahati: kichwa juu, maneno yakimbie, pumzi fupi, swali lipande. Msomaji akiwa baba ageukie kidogo kulia kwa maikrofoni, akiwa Bahati kidogo kushoto. Rekodini sekunde 30 za kila sauti siku ya kwanza, na muisikilize sampuli hiyo kabla ya kila kipindi.

HATUA YA 3: CHUMBA

Watu hutumia fedha kwenye maikrofoni wakati tatizo lao ni chumba. Sebule yenye sakafu ya vigae, kuta tupu na paa la bati hurudisha sauti kutoka kila upande, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu kuutoa vizuri. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio wa “tsing” unaofuata, chumba hicho hakifai bado.

Chumba cha kulala kidogo chenye kitanda, neti, nguo na kapeti ndicho mahali pazuri zaidi katika nyumba nyingi. Simamisheni godoro nyuma ya msomaji na mwingine au blanketi zito nyuma ya maikrofoni. Ukuta ulio nyuma ya msomaji ndio muhimu kuliko ulio mbele yake, kwa sababu maikrofoni inaangalia kule. Mkifungua kabati lililojaa nguo na kuelekeza mgongo wa msomaji humo, mmepata nusu ya studio.

Kelele za nje zina saa zake. Alfajiri kuna jogoo na adhana, jioni kuna bodaboda na redio za jirani, usiku wa manane nyenje. Kwa mitaa mingi, saa nne hadi saa sita asubuhi, watoto wakiwa shuleni, au saa tatu hadi saa tano usiku ndizo saa nzuri. Mvua ikianza kugonga bati, acheni kazi. Msijaribu kusoma kwa nguvu juu yake.

Zimeni feni. Friji kama iko karibu izimeni pia, na wekeni funguo za nyumba ndani yake ili msisahau kuiwasha mkimaliza. Simu ya kurekodia iwe kwenye hali ya ndege, na simu nyingine zote zitoke chumbani hata kama zimezimwa mlio, maana mtetemo juu ya meza husikika. Bangili, funguo mfukoni na nguo za kukwaruza zivuliwe. Viti vya plastiki hulia mtu anapohama. Mtoto ni bora asimame juu ya mkeka.

HATUA YA 4: MAIKROFONI NA VIWANGO

Umbali wa kawaida kutoka mdomoni ni shubiri moja, yaani kama sentimita 20. Maikrofoni isielekee mdomo moja kwa moja. Iwe pembeni kidogo, ikilenga kona ya midomo, ili pumzi ya “p” na “b” ipite pembeni. Neno “baba” lina “b” mbili na litatamkwa zaidi ya mara mia moja katika hadithi hii, kwa hiyo kizuia pumzi si anasa. Kikikosekana, kunjeni hanga ya waya iwe duara, ivisheni soksi nyembamba ya nailoni, na isimamishwe vidole vinne mbele ya maikrofoni.

Umbali ni chombo chenu cha kuonyesha ukaribu, na hapa wengi hawakitumii kabisa. Msimulizi abaki shubiri moja mwanzo hadi mwisho. Baba akizungumza na Bahati kitandani, asogee hadi nusu shubiri na ashushe sauti. Maikrofoni nyingi hunenepesha sauti mtu anapokaribia, na sikio la mtoto huipokea kama baba aliyeinama karibu naye. Baba akiita kutoka uani, arudi nyuma hatua mbili na ageuze uso kando. Yeyote atakayepiga mluzi asimame mita moja na zaidi, kiwango cha kurekodi kikiwa kimeshushwa, vinginevyo mluzi utapasua rekodi nzima.

Baba na mwana wakitumia maikrofoni moja, mtoto awe mbele shubiri moja na mzazi nyuma yake shubiri mbili. Watoto hupayuka ghafla, kwa hiyo shusheni kiwango cha kurekodi kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya mnavyofikiri inatosha. Sauti ndogo inapandishwa baadaye. Iliyopasuka imekwisha.

Viwango vya kurekodi ni hivi: mfumo wa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), kilohezi 44.1, biti 16 au 24, mono, yaani mkondo mmoja wa sauti. Vilele vya sauti vicheze kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha desibeli, visiguse sifuri hata mara moja. WAV ya mono ya biti 16 inakula kama megabaiti 5.3 kwa dakika, hivyo saa nzima ya kurekodi ni karibu 320. Angalieni nafasi ya simu kabla ya kuanza. Programu nyingi za kurekodi zinazokuja na simu huhifadhi kwa mfumo uliobanwa mno. Ingieni kwenye mipangilio mchague ubora wa juu, au wekeni programu nyingine inayotoa WAV. Msirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa hali yoyote, kwani hubana sauti kiasi kwamba “s”, “sh” na “f” zinakaribiana.

HATUA YA 5: KUSOMA

Maandishi yachapwe kwa herufi za ukubwa wa 14 hadi 16, mistari ikiachana, upande mmoja wa karatasi, bila kubanwa pini. Karatasi isigeuzwe wakati wa kusoma. Isogezwe pembeni sentensi ikiisha. Sentensi isivuke ukurasa. Maneno ya baba yapigwe mstari kwa rangi moja, ya Bahati rangi nyingine.

Chai ya maziwa isinywewe saa moja kabla, hufanya mate yahisike mazito kooni. Maji ya kawaida, si ya baridi, kila baada ya dakika kumi. Msomaji asiwe na njaa pia, maana tumbo husikika kuliko anavyodhani.

Kila kipindi kianze kwa sekunde 15 za ukimya mtupu, wote chumbani wakiwa wametulia. Huo ukimya ni mali: utatumika kusafisha kelele na kuziba mapengo.

Mkianza kwa mwito wa hadithi, acheni nafasi ya kujibiwa. “Hadithi, hadithi!” kisha sekunde mbili kama mnategemea “Hadithi njoo,” na sekunde tano hivi kama watoto wenu hujibu kwa urefu, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Pwani penye “Paukwa”, sekunde moja na nusu inatosha kwa “Pakawa”. Mwito usio na nafasi ya jibu humfanya mtoto ajisikie kasemeshwa na mtu asiyemngoja.

Kosa kubwa la kusoma kwa watoto ni kuburuta kila silabi: “Baa-haa-tii a-kaa-see-maa.” Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukivuta zote sawa neno linapoteza umbo. Maneno yasomwe kwa mwendo wa kawaida, na upole uwekwe katikati ya sentensi na sentensi: nusu sekunde baada ya sentensi, sekunde moja baada ya swali la Bahati, sekunde mbili tukio likibadilika. Swali la mtoto lisijibiwe haraka. Baba anayengoja kidogo kabla ya kujibu anasikika kama baba anayefikiri, na msikilizaji naye anapata muda wa kukisia jibu lake mwenyewe.

Wekeeni alama maneno yanayokwaza. “Ng'” ya “kung'aa” si “ng” ya “ngoma”. Wanaochanganya “r” na “l” wapitie “taratibu”, “kurudi”, “kulala” mara kadhaa kabla. Lafudhi ya mahali si kosa na msiifute. Mkerewe akisikika Mkerewe hadithi inanoga. Kinachotakiwa ni neno lieleweke.

Mkikosea, msisimamishe kurekodi. Pigeni kofi moja, nyamazeni sekunde mbili, rudini mwanzo wa sentensi na si katikati yake. Kofi litaonekana kama mwiba mrefu kwenye wimbi la sauti, na mtakapohariri mtaliona bila kusikiliza yote upya.

HATUA YA 6: MILIO

Milio michache, iliyo wazi. Kwa hadithi yetu mitano inatosha: mluzi, viatu vikiwekwa chini, kasia majini, dagaa wakavu wakimwagwa, taa ikipampiwa. Kasia hupatikana kwa mwiko mpana ndani ya beseni lililojaa maji, maikrofoni ikiwa imefunikwa dhidi ya matone. Dagaa wakavu rekodini dagaa wenyewe, wakimwagwa kwenye ungo. Kama hadithi ni ya zamani kidogo na mna karabai inayofanya kazi, pampu yake na mvumo wake rekodini nje au penye hewa ya kutosha, mbali na pazia, blanketi na godoro, kazi hiyo ifanywe na mtu mzima.

Mlio uwe chini ya sauti ya msomaji kwa desibeli 15 hadi 20 kama unapita nyuma yake. Ukiwa peke yake, uache hadi -10 au -12. Msiweke mawimbi ya ziwa chini ya hadithi nzima. Kwenye spika ndogo ya simu hugeuka kuwa mvumo tu unaofunika maneno.

Muziki uwe wenu au uwe na ruhusa ya maandishi. Wimbo uliopo kwenye YouTube si wa bure kwa sababu unapatikana. Mpiga zeze au gitaa wa mtaani mlipeni, mwandikiane karatasi inayotaja jina la hadithi, matumizi yanayoruhusiwa na kiasi kilicholipwa. Maandishi yakiwa ya mtu mwingine, ruhusa ya kuyarekodi ni tofauti na ruhusa ya kuyachapa. Ofisi za hakimiliki za kuulizia ni COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya.

HATUA YA 7: KUHARIRI

Fuateni mpangilio huu, maana ukivurugwa kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Kwanza nakilini WAV zote mahali pawili tofauti, mfano kompyuta na diski ya nje, kabla ya kugusa chochote.

Pili, kateni sauti nzito zilizo chini ya hezi 80. Huko hakuna maneno, kuna mvumo wa barabara na meza tu. Kwa sauti ya mtoto mnaweza kufika 100.

Tatu, punguzeni kelele za nyuma. Chagueni ule ukimya wa sekunde 15, uipe Audacity kama sampuli ya kelele, kisha safisheni rekodi nzima kwa kupunguza desibeli 6 hadi 9. Wengi huweka 12 au zaidi, na ndipo sauti ya baba inakuwa kama ya mtu aliyezama kwenye pipa. Kelele kidogo iliyobaki haimsumbui mtoto.

Nne, kata makosa. Tafuteni miiba ya makofi. Msifute pumzi zote. Pumzi ya baba kabla ya kusema jambo gumu ni sehemu ya hadithi. Punguzeni tu zile zinazovuma. Pengo lililoachwa na mkato lizibwe kwa ukimya wa chumba, kamwe si kwa ukimya wa kompyuta, kwa sababu sikio hutambua ghafla kwamba chumba kimetoweka.

Tano, sawazisheni tofauti ya sauti kubwa na ndogo kwa mbano mwepesi (“Compressor” ndani ya Audacity), uwiano wa 2:1 au 3:1. Mkibana zaidi, mnong'ono na mwito wa uani vinakuwa sawa, na kazi yote ya umbali mliyoifanya inapotea.

Mwisho, pandisheni sauti hadi RMS, yaani wastani wa nguvu ya sauti, iwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisizidi -3, na ukimya wa chumba ubaki chini ya -60. Hivi ndivyo viwango ambavyo wasambazaji wakubwa wa vitabu vya sauti wanadai, na hata kama hamtauza popote vinafanya hadithi isikike sawa kwenye kila chombo. Acheni nusu sekunde hadi sekunde moja ya ukimya mwanzoni mwa faili, na sekunde moja hadi tano mwishoni.

Kuhariri dakika moja iliyo tayari kunaweza kula dakika tano za kazi. Pangeni siku mbili kwa hadithi ya dakika 20, masikio yakichoka hayaoni tena kosa.

HATUA YA 8: KUTOA NA KUSAMBAZA

Toeni nakala mbili. Ya kwanza MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde, mono, kama megabaiti 1.44 kwa dakika, kwa wauzaji na redio. Ya pili kilobiti 64, mono, kama megabaiti 0.48 kwa dakika; dakika 20 ni chini ya megabaiti 10, mzigo ambao mzazi mwenye bando dogo anaweza kuupakua. Kwenye WhatsApp itumeni kama hati, ili isibanwe tena njiani.

Kwa wanaosikiliza kupitia kadi ya kumbukumbu au flashi kwenye redio ndogo na sabufa, kadi iumbizwe (format) kwa mfumo wa FAT32, na majina ya faili yaanze kwa namba za tarakimu mbili: 01, 02, 03. Vyombo vingi vya bei nafuu hucheza kwa mpangilio ambao faili zilinakiliwa, kwa hiyo nakilini moja moja kwa mfuatano. Kama mnaweka ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, toleo la sauti linahitaji yake, tofauti na ya kitabu kilichochapwa.

Kabla ya kusambaza, sikilizeni kwenye spika ya simu, kwenye sabufa na kwenye vifaa vya masikioni. Spika ya simu huonyesha maneno yaliyofunikwa na milio, sabufa huonyesha mvumo uliobaki, vya masikioni huonyesha mikato mibaya.

Kisha chezesheni mbele ya watoto watatu au wanne wa umri ule, bila kuwaeleza chochote, mkiwa na karatasi na saa. Andikeni dakika ambayo mtoto anaangalia pembeni, dakika anayouliza “nani huyo?”, na dakika anayojaribu kupiga mluzi. Watoto wawili wakiuliza mahali pamoja, kosa ni la maandishi na mstari huo usomwe upya. Wakipotea mahali mbalimbali, mara nyingi ni mwendo: kata vituo virefu katika sehemu hizo. Marekebisho yarekodiwe chumba kilekile, saa ileile, umbali uleule, baada ya kusikiliza zile sampuli za sekunde 30 za siku ya kwanza.